Benchi la Wenza

Mkwe wao alirudi kutoka zahanati ameshika viatu mkononi. Msusi alikuwa kibarazani na kichwa cha mteja katikati ya magoti yake, nusu kimesukwa, nusu kimetimka. Alipoiona ile miguu mitupu kwenye changarawe, akakiacha kitana kikining'inia kwenye nywele za watu.

"Wamekupima?"

"Hawajanipima, mama."

"Tena?"

"Walisema nisubiri wenye wenza waishe. Walipoisha, na nesi wa presha naye akawa ameishiwa na muda. Alinifungia mlango nikiwa nimeshasimama."

Binti akajishusha kwenye ngazi polepole, mkono mmoja kiunoni. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka vifundo havionekani, na uso nao umejaa. Majirani walimsifu kwamba mimba imempenda, amenawiri. Msusi hakumsifu. Alikuwa amesuka vichwa vya wanawake wengi, na mwanamke akisukwa husema yote, kwa hiyo uvimbe wa namna ile alishasikia habari zake na hakuupenda hata kidogo.

"Kichwa je?"

"Kinanigonga tangu asubuhi."

Zahanati ilikuwa na sheria mpya, iliyokuja na mradi mpya. Mjamzito alitakiwa kufuatana na mwenza wake. Mwenye mwenza alikaa benchi la mbele, akapimwa kwanza, akapewa na kipande cha sabuni cha kwenda nacho nyumbani. Aliyekuja peke yake alikaa benchi la nyuma akihesabu vigae. Ukutani palibandikwa picha ya mume amemshika mke tumbo, wote wawili wanacheka, na chini yake maandishi makubwa: MIMBA NI YA WAWILI. Ni maneno mazuri, na sijui nani angeyapinga. Ila mwenza wa binti huyu alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya meli, upande wa pili wa nchi, na mwajiri wake hakuwahi kusikia kwamba mimba ni ya wawili. Kwa walio na waume safarini kulikuwa na njia, walete barua ya ofisa wa mtaa. Binti akaenda kwa ofisa. Ofisa akamwambia barua kama hiyo huja kuiomba mume mwenyewe. Anayetaka kucheka acheke, lakini asicheke mbele ya binti yule.

"Si mmchukue Mume wa Lango?" mteja akasema, kichwa kikiwa kimeinama. "Mbona wote wanamchukua. Soda moja tu, anakuwa mume."

Mume wa Lango alikuwa fundi viatu mwenye kibanda mbele ya zahanati. Ile sheria ilipoanza, mwanamke mmoja alimwomba amsindikize ndani, akamsindikiza kwa wema wake. Wa pili akamwomba. Sasa alikuwa na wake kila siku ya kliniki, na mradi, uliokuwa ukitafuta wanaume wa mfano, ukampa fulana iliyoandikwa BABA BORA.

Pazia la mlango likafunuliwa kwa hasira. Mzee wa nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva ingawa alistaafu zamani, alitokeza akiwa na bisibisi mkononi na pasi iliyofunguliwa matumbo.

"Katika nyumba hii? Mke wa mwanangu akodishiwe mume kama turubai la harusi?"

"Haya, jirani," Msusi akasema bila kugeuka. "Toa lako."

Hivyo ndivyo alivyomwita mumewe, jirani, na watu walizoea. Walikua nyumba pua na mdomo, wakichota maji bomba moja, kabla hajamposa. Dereva mwenyewe aliwaelezea wageni hivyo, kwa haraka kidogo, kila jina hilo lilipotajwa.

"Langu ni kwamba kesho nakwenda naye mimi. Mratibu wa mradi ule namjua. Kaja hapa hajui hata njia ya kwenda mtoni. Nani alimzungusha? Alikuwa akitapika kila kona, mimi namshikia chupa ya maji. Leo nikisimama mbele yake atasema hanijui?"

"Atakujua," Msusi akasema. "Kukujua si kazi."

*

Jioni Dereva alilitoa koti lake la kazi kutoka sandukuni. Lilikuwa koti la khaki lenye nembo ya mradi kifuani, mradi wa kwanza kabisa, uliokwisha na kuzaa mwingine, nao ukazaa huu. Msusi alilichukua bila kuombwa, akalinyoosha kwa pasi ambayo hatimaye ilikuwa imepona.

"Kola imeliwa," akasema.

"Huioni ukiwa mbali."

"Zamani nilikuwa nikikupigia pasi ya mkaa. Nikiunguza kidogo unanuna wiki nzima."

"Si kununa. Nilikuwa nawakilisha shirika."

Wakacheka. Msusi alicheka mpaka akaweka pasi chini, na Dereva akamtazama, akamwona msichana yule yule wa bombani.

Zilikuwa siku nzuri zile, tuseme ukweli. Gari lilikuwa jeupe, jipya, viti vyake vikinukia plastiki na petroli, na mlangoni limeandikwa kwa rangi ya samawati: AFYA YA MAMA NI HAKI. Dereva aliyafuta maneno hayo kila asubuhi kabla hajafuta kioo. Mratibu, ambaye wakati ule alikuwa binti katoka chuoni juzi, aliketi nyuma akifanya mazoezi ya hotuba zake kwa sauti. "Haki si pilipili," alikuwa akisema, "ya kunyunyizwa mezani kwa anayependa. Haki ni chumvi. Hutiwa jikoni, chakula kikiwa bado motoni." Akiuliza, "Dereva, inaeleweka?" Dereva hujibu, "Inaeleweka mpaka njaa inauma." Walipopita karibu na nyumba hii alipiga honi mara mbili, kwa sababu kusimama hakuruhusiwa, na mkewe alitoka mbio na kitana mkononi aone mkia wa gari ukiingia kwenye kona. Ni honi tu, lakini Msusi aliishi kwayo mpaka jua lizame.

Sheria ya gari ilikuwa kali. Asiye mfanyakazi hapandi. Dereva mwenzake alifukuzwa kwa gunia moja la mkaa, mali ya shangazi yake. Kwa hiyo Msusi alipobeba mimba alikwenda kliniki kwa miguu, barabara ya vumbi, na alikuwa akimtania mumewe wakati wa chakula: "Gari lako limeandikwa mimi mlangoni, lakini ndani sijajiona nimo."

Kulikuwa na siku moja ambayo Dereva hakupenda kuikumbuka, nayo ndiyo iliyomjia sasa, akiangalia mgongo wa mkewe ukiinama juu ya koti. Miezi ya mwisho ya mimba ile. Jua la mchana. Alimwona kwa mbali, akitembea amejishika kiuno, akisimama, akitembea tena. Alipunguza mwendo kwa ajili ya shimo la barabarani, akampungia mkono. Mkewe naye akampungia. Nyuma yake Mratibu akauliza, "Yule mama ni nani, Dereva?" Angesema mke wangu, Mratibu angesema simamisha, na sheria ingevunjwa mbele ya mkubwa, na gunia la mkaa lilikuwa bado halijapoa vichwani mwa watu.

Akasema, "Jirani." Akakanyaga mafuta.

"Vaa tuone," Msusi alimwambia, akimnyooshea koti. Akalivaa. Lilimbana tumboni.

*

Kesho yake walikwenda watatu. Msusi hakukubali kubaki. Getini askari akamzuia kwa adabu zote.

"Mama, samahani. Wakwe na mashangazi wanangoja nje. Mradi unasema mnawazibia wanaume nafasi."

"Tulikuwa tumeikalia wapi hiyo nafasi?"

"Mimi nimeambiwa tu, mama."

Msusi akazunguka uzio wa wavu mpaka alipokutana na dirisha la chumba cha kungojea, akasimama pale, vidole kwenye wavu. Hakuwa peke yake. Kulikuwa na akina mama wengine wa rika lake wamejipanga kando ya uzio, kila mmoja na kapu lake.

Ndani, nesi wa mapokezi alimtazama Dereva kuanzia kola hadi viatu.

"Wewe ni mwenza?"

"Mimi ni baba mkwe wake. Mume yuko kazini, mbali."

"Mzee, hapa tunaandika mwenza. Baba mkwe hana kisanduku."

"Niandike pembeni."

"Pembeni hapahesabiki." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na wageni siku hiyo, sare yake imepigwa pasi mpaka inakata, na mwezi uliopita kituo chake kilikemewa kwa wenza wachache. "Kaa naye benchi la nyuma. Tutaona."

Hapo hapo akaingia fundi viatu na fulana yake, amemshika mkono mjamzito ambaye hata jina lake alikuwa akilikumbuka kwa taabu. Nesi akaandika, akatabasamu kidogo, akageukia upande mwingine. Wakapita mbele. Fundi viatu alipompita Dereva aliinama.

"Mzee, na huyu wako nitampitisha nikitoka. Sidai kitu. Namwona hali yake."

Dereva alitaka kumjibu jibu la kukata, lakini alipogeuka akamwona binti. Alikuwa amefumba macho, ameegemeza kichwa ukutani, midomo imekauka.

"Mwanangu, vipi?"

"Naona vimulimuli, baba. Nikifumba macho naviona. Nikifumbua naviona."

Dereva akainuka, akaenda kwa nesi. Nesi akasema dakika chache tu, wageni wameshaingia. Na kweli walikuwa wameingia. Wageni wawili wa wafadhili, na mbele yao Mratibu, mwanamke wa makamo sasa, miwani, kilemba cha heshima, mwendo wa mtu aliyezoea kufunguliwa milango. Alisimama mbele ya benchi la wenza. Alisema sentensi kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya wageni.

"Watu huniuliza kwa nini mimi, mwanamke, nimepigania wanaume waingie kliniki," alisema. "Nawaambia niliona kitu nikiwa kijana. Tulikuwa barabarani, jua kali. Nikamwona mama mjamzito, peke yake, anatembea huku amejishika kiuno, kila hatua anaomba Mungu. Nilimwuliza dereva wetu, akasema ni jirani yake. Nikajiuliza, mume wa mama yule yuko wapi? Amekaa kivuli gani? Siku ile niliapa. Nikasema mwanaume yule, na wote mfano wake, nitawakalisha kwenye benchi hili, waone."

Wageni wakapiga makofi. Wenza wakapiga makofi. Mume wa Lango alipiga kuliko wote.

Dereva alibaki amesimama pale mezani kwa nesi. Nje ya dirisha, nyuma ya wavu, aliuona uso wa mkewe. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemjua, koti limechakaa, mambo yenyewe ya kale. Ila nyuma yake binti alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba, na Dereva akajua kwamba akinyamaza leo atakuwa amempita mwingine tena barabarani.

"Mume alikuwa anakuendesha wewe," akasema.

Mratibu akageuka. "Samahani, mzee?"

"Mume wa yule mama. Hakuwa kivulini. Alikuwa ameshika usukani, wewe uko nyuma unasoma hotuba. Nilikwambia jirani kwa sababu gari lilikuwa haliruhusiwi kumbeba. Niliogopa kazi." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Mke wangu alikwenda kwa miguu kwa sababu ya sheria ya mradi, bibie. Na huyu hapa ni mke wa mtoto aliyekuwa tumboni siku ile. Amerudishwa mara ngapi sijui kwa sababu ya sheria ya mradi. Sikuja kugombana. Mpimeni presha. Basi."

Mmoja wa wageni akamwuliza Mratibu jambo, bila shaka akitaka kujua mzee kasema nini. Mratibu alilitazama koti lile la khaki, nembo iliyopauka, kisha akamtazama aliyelivaa, na ukaona anamtafuta yule kijana wa chupa ya maji, na anampata. Akawatafsiria wageni, na hakupunguza hata neno.

Nesi hakungoja kuambiwa. Alishapiga magoti mbele ya binti, kipimo mkononi. Akabinya mpira, akasikiliza, akabinya tena. Aliposimama, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Imepanda mno. Huyu si wa hapa, ni wa hospitali kubwa, sasa hivi. Na gari letu la wagonjwa liko gereji."

Wote wakatazama nje. Gari la mradi lilikuwa limeegeshwa kivulini, refu, jeupe, na maneno mapya mlangoni. Dereva wake, bwana mmoja mtanashati, akajikuna shingo.

"Mratibu, unajua asiye mfanyakazi..."

"Fungua mlango," Mratibu akasema.

Dereva wetu alikuwa ameshafunga vifungo vya koti. Moyo wake ulikuwa umeinuka. Aliiona safari nzima, yeye mbele akielekeza njia za mkato, na mwisho wake anamwambia mwanawe kwa simu, nilimfikisha mimi. Lakini Mratibu alimpita, akachuchumaa mbele ya binti, akamwuliza swali ambalo katika zahanati ile, na sheria zake zote za haki, hakuna aliyekuwa amemwuliza.

"Wewe mwenyewe, mwanangu, unataka nani akae na wewe?"

Binti alifumbua macho kwa shida. "Mama," akasema. "Mama yuko pale kwenye wavu."

*

Askari alifungua geti kubwa. Msusi aliingia akikimbia kidogo, kitana bado kimechomekwa kichwani, hakumtazama mtu. Alimshika binti upande mmoja, nesi upande wa pili, wakampandisha. Kisha yeye mwenyewe akapanda. Aliketi kwenye kiti cha nyuma, akakilaza kichwa cha binti mapajani, akapapasa kiti kwa kiganja, mara moja, kama anayenunua kitambaa.

Dereva alisogea mpaka dirishani. Koti lilikuwa limefyatuka kifungo.

"Kuna kona mbaya mbele ya daraja," akasema, kwa kuwa hakuwa na kingine. "Mwambie apunguze."

"Nitamwambia." Akashusha kioo mpaka mwisho. "Jirani."

"Naam."

"Siku ile pia kioo kilikuwa wazi."

Gari likaondoka. Alilitazama likipita kibanda cha viatu, likiingia barabarani, mkono wa mkewe umetoka nje unampungia. Vumbi likamjia lote, likaingia machoni, mdomoni, kwenye kola aliyoipiga pasi yule yule anayepunga mkono. Hakujifuta. Aliinua mkono wake akapunga mpaka gari likamezwa na kona, na machozi aliyasingizia vumbi, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Fundi viatu alimletea kiti cha kibandani. Baadaye Mratibu akatoka, akakosa pa kukaa, akakaa kwenye boksi la viatu vibovu.

"Miaka yote," akasema, "nimekuwa nikimtukana mume yule kwenye kila mkutano."

"Hukumkosea sana."

"Nilimwonea huruma mama yule mpaka nikamjengea mradi. Sikusimamisha gari nikamwuliza anataka nini."

Dereva alifikiri. "Ile chumvi yako," akasema mwisho. "Nadhani ulipika vizuri tu. Hukumwonjesha."

Mratibu alicheka, kisha akavua miwani akaifuta, na akakaa hivyo bila kuivaa. Ndani, nesi alikuwa anawaita wa benchi la nyuma. Kama sheria ile ingebadilika kweli au ingeandikiwa tu kikao, siku hiyo hakuna aliyejua. Lakini akina mama wa uzioni walikuwa wameshaingia na makapu yao, na askari alijifanya anafunga kamba za viatu.

Alasiri simu ikalia. Dereva alikuwa kibarazani, mahali pa mkewe, koti magotini.

"Wamemtundikia dawa," Msusi akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini imetulia. "Presha inashuka. Wanasema tungechelewa kidogo tu, ingekuwa kifafa cha mimba. Mtoto nimemsikiliza mwenyewe, moyo wake unakimbia huo. Tunalala hapa mpaka waseme wao. Umekula?"

"Bado."

"Kula. Kuna wali umefunikwa."

Hakukata simu. Mkewe naye hakukata. Alimsikia anapumua, na nyuma yake vyombo vya hospitali vikigongana.

"Mama watoto," akasema. "Ulinisikia. Kumbe ulinisikia, ukakaa na mimi miaka yote hii. Mbona hukuniambia?"

"Sikukwambia?" Msusi akasema. "Nimekuwa nikikwambia kila siku."